Mashini ya rangi isiuzishwe bado

Maneno ya kikundi cha rangi mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Tumesimama hapa juu ya ukuta mmoja. Wengi wenu mulipita mukauona, ile koridoo ya nyumba ya wageni. Tuliahidi mwenye nyumba kwamba ukuta utakuwa kama jiwe la granite, na madoa meupe, meusi na ya kahawia, kila doa likionekana peke yake. Tukamuachia kitu cha rangi moja, kama uji wa ulezi uliomwagika. Alisema mbele ya watu: "Ile si rangi, ile ni potopoto." Na alisema kweli. Ikabidi turudie kazi yote kwa gharama yetu, na sababu mfuko wetu ulikuwa mtupu, tukakopa dola 500 katika kasha la msaada.

Kasha lile ni la magonjwa na misiba. Wiki mbili baadaye familia moja ya chama ilifiwa, na kasha likatoa nusu tu ya kile ambacho sheria yetu inasema. Familia ile iko hapa leo. Hatutaki kuzunguka: ni sisi tuliomaliza makuta yale. Tuliwafikia nyumbani kuomba samahani, na leo tunaomba tena mbele ya wote.

Sasa kuna neno limepita katika komite: "Ile mashini muiuzishe, makuta irudi kwa kasha." Hatukuja kusema wenye neno hilo wamekosea. Tumekuja kuwaeleza ukuta uliharibika namna gani, sababu mpaka leo watu wengi wanafikiri ni rangi iliyokuwa mbovu, au ni mashini, au kwamba sisi hatukujua kazi hata kidogo. Mukishasikia, mutaamua.

Kwanza rangi yenyewe. Rangi ya kawaida munaijua, ndoo moja, rangi moja, unapiga na brosi au rulo. Rangi hii ya madoa ni kitu kingine. Ilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1950, na kule waliipulizia ndani ya buti za magari, na katika koridoo za mashule na hospitali. Ukifungua ndoo yake unaona kitu kama mayai ya chura mtoni. Tone jeusi, tone jeupe, tone la kahawia, yote yanaelea ndani ya maji mazito kama utelezi, na kila tone lina ngozi yake nyembamba inayolizuia lisichanganyike na jirani yake. Ngozi ile ndiyo kazi yote. Ikipasuka ndani ya ndoo, ndani ya mupira au kwenye pua ya pistole, nyeusi inaingia katika nyeupe, nyeupe katika kahawia, na hakuna fundi duniani anayeweza kuzitenganisha tena.

Watu wanaipenda sababu gani? Si uzuri peke yake. Ukuta wetu wa matofali ya kuchoma, hata ukilipuliwa vizuri, una mabonde na vilima. Rangi moja yenye kung'aa inaonyesha kila kilima. Madoa yanadanganya jicho. Mtoto akipita na mkono mchafu, au mtu akikwaruza ukuta na baiskeli, haionekani haraka, na koridoo inaoshwa na kitambaa chenye maji. Ndiyo maana wenye nyumba za wageni, maduka ya dawa na ofisi wanaitaka. Zamani walikuwa wanaita mafundi kutoka Uvira ao Bukavu, na makuta inapanda gari inarudi nao kule. Wafadhili wetu, hapo ndipo ombi letu lilipoanzia. Mulituuliza katika barua kwa nini rangi ya mapambo wakati watu wengine hawana bati. Jibu letu ni kwamba mwenye kukosa bati hawezi kutulipa, lakini mwenye koridoo anaweza, na mushahara wa koridoo ndio unaonunua bati.

Sasa makosa. Tuyaseme kwa mpangilio tulivyoyafanya, sababu kosa moja lilizaa lingine.

La kwanza lilikuwa hewa. Mulitutumia kompresa ya nguvu ya farasi 2 yenye tangi la lita 50, pistole ya bakuli la juu na pua zake tatu, na jenereta ya KVA 2 na nusu. Kwa karatasi ilikuwa inatosha. Lakini mota ya kompresa wakati wa kuanza inavuta umeme mara nyingi kuliko wakati inapozunguka, na jenereta ile ilikuwa inazimika kila mara tulipobonyeza. Tulishinda siku nzima tunawasha na kuzima. Mwishoni tukakodisha jenereta ya KVA 5 kwa mwenye kinu cha unga. Tunasema hivyo si kwa kulaumu. Ni ili chama kingine kikiomba vifaa kama hivi, muangalie umeme wa kuanzia.

Halafu, hata kompresa ikizunguka, pistole ya bakuli inakula hewa sana. Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Presha ni nguvu ya hewa kusukuma. Wingi wa hewa ni kitu kingine. Fundi wa matairi anaweza kuwa na presha ya kutosha lori, lakini hewa yake ni ya dakika moja kisha anangoja. Pistole ya bakuli haitaki presha kubwa, inataka hewa nyingi isiyokatika. Tangi letu la lita 50 lilikuwa linaisha katikati ya ukuta. Tunapuliza kidogo, tunangoja, tunapuliza kidogo, tunangoja. Mwenye nyumba anapita, anaangalia saa.

Ndipo mmoja wetu akaleta wazo, na sisi wote tukalishangilia, kwa hiyo musimtafute yeye peke yake. Alikuwa na rafiki anayepaka magari. Pistole ya magari inakula hewa kidogo. Tuliiazima. Pua yake ilikuwa ya milimita 1 na nusu. Matone ya rangi yetu ni makubwa kuliko tundu lile! Ilikuwa kama kupitisha mbegu za maboga katika kichungi cha chai. Rangi ikakataa kutoka. Sisi, badala ya kujiuliza kwa nini inakataa, tukaongeza presha. Tukafika bari 5. Ikatoka, ndiyo, tena kwa haraka, na tukafurahi. Ilikuwa imetoka ikiwa imesagwa.

Tena kulikuwa na kosa la asubuhi ambalo hatukulitambua mpaka baadaye. Ndoo zilikuwa zimekaa wiki kadhaa stoo, matone yamelala chini, maji yamebaki juu. Tulichukua mashini ya kutoboa, tukaweka kile chuma cha kuchanganyia, tukazungusha kama tunachanganya rangi ya kawaida. Yaani hata kabla ya kufika kwa pistole nusu ya ngozi zilikuwa zimepasuka. Rangi hii inageuzwa kwa mkono, na ubao mpana, polepole, kutoka chini kuja juu, kama mama anavyogeuza maharage asiyotaka yapondeke. Dakika mbili tatu, matone yakiwa yametawanyika sawasawa, basi. Wamama waliokuja kuangalia shantie walicheka sana tulipowaeleza hilo. Walisema wangetuambia siku ya kwanza kama tungeuliza.

Tulipoona rangi inabadilika ukutani tulikuwa tumeshapuliza upande mmoja mzima wa koridoo. Mtu mwenye akili angesimama. Lakini mvua ilikuwa inakuja, jenereta ni ya kukodisha kwa siku, na tulijiambia kwamba ikikauka madoa yatatokea. Wazee, rangi ikikauka haitoi madoa ambayo haina. Tukapuliza na upande wa pili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Rangi ilikuwa nzima. Mashini ilikuwa nzima. Tuliloharibu ni haraka yetu, na kutojua kwamba rangi hii inaharibika kwa nguvu.

Tulivyorudia kazi ndivyo tunavyofanya mpaka leo, na tunataka muelewe vizuri sababu kura yenu inategemea hapo. Tulianza na ukuta wenyewe. Tulipiga msasa, tukajaza mashimo na mastiki, tukapaka rangi ya msingi na rulo, rangi ya kijivu nyepesi inayokaribia madoa. Rangi ya msingi si mapambo. Matone hayafuniki ukuta asilimia mia, kati ya tone na tone kuna nafasi, na kama chini kuna nyeupe kali jicho litaiona nyeupe kwanza. Tukangoja ikauke mpaka kesho yake.

Kisha tukafunika. Kazi hii ya kufunika vijana hawaipendi sababu haionekani, lakini inachukua muda zaidi ya kupuliza. Milango, madirisha, sakafu, swichi za umeme, vyote vinafunikwa na plastiki na skochi ya karatasi. Tone likiruka likaanguka juu ya mlango wa mbao wa mteja, utalinunua.

Pistole ya bakuli, pua ya milimita 4, presha bari 2. Presha hiyo inasomwa wakati kidole kimevuta kifyatuo na hewa inatoka. Ukisoma saa ya presha wakati pistole imefungwa, inakudanganya, sababu ukifungua inashuka. Na mupira ukiwa mrefu inashuka zaidi. Mkono unakaa sentimita 40 mpaka 50 kutoka ukutani, pistole inaangalia ukuta moja kwa moja, na unatembea na bega lako lote, siyo kuzungusha kiganja kama mtu anayemwagilia bustani. Mstari wa pili unapanda juu ya nusu ya mstari wa kwanza. Mkono wa kwanza ni mwepesi, unaacha ukuta ukionekana. Unangoja kidogo. Mkono wa pili unakwenda kwa kukata: kama wa kwanza ulikwenda kulia na kushoto, huu unashuka juu kwenda chini. Mwenye kutaka kujaza kwa mara moja ataona matone yanateremka kama machozi.

Hatusimami katikati ya ukuta. Kama esanse ni ya nusu ukuta, ukuta hauanzwi. Mahali pa kupumzika ni konani, sababu pale macho yenyewe yanabadilisha upande. Na ndoo hazifanani kabisa hata zikiwa na namba moja, kwa hiyo kabla ya ndoo kuisha tunamimina nusu yake katika ndoo inayofuata, taratibu, ili mabadiliko yasionekane kama mstari.

Koridoo ile ina mita za mraba 90. Kwa kilo 0.8 kila mita ilikula kilo 72, yaani ndoo nne za kilo 20, na kilo nane zilibaki ambazo tulimuachia mwenye nyumba kwa kurekebisha mikwaruzo. Ndoo nne ni dola 340. Ndoo mbili za rangi ya msingi, 80. Usafiri 50, esanse 30. Hiyo ndiyo 500 yenu. Karatasi ziko kwa mweka hazina, kila mtu anaweza kuzisoma. Hesabu yetu wenyewe ya mikono hatukuiandika, tulifanya bure, na hapo tuliona ni haki.

Tangu siku ile tumepata kazi mbili. Moja ni baraza la duka, nje, na hapo tulitumia ile rangi nyingine ya mchanga, yenye chembe za mawe. Hiyo haina ngozi ya kupasuka, kwa hiyo inavumilia presha zaidi, lakini ni nzito ajabu: kilo 3 mpaka 5 kwa mita moja ya mraba. Kijana anayeshika pistole yake imejaa asubuhi nzima, jioni hawezi kuinua kijiko. Tunabadilishana kila nusu saa. Nyingine ni chumba cha kungojea cha duka la dawa, rangi ya madoa, na mwenye nacho alitulipa bila neno. Kutoka kazi hizo tumerudisha katika kasha dola 200, kisha 120. Deni limebaki 180.

Kuna mafundi wa tiroliene ambao wametuonea mashaka, na tunataka kusema nao hapa hapa. Nyinyi wenye kile kisanduku cha kuzungusha na mkono, kinachotupa matone ya simenti ukutani, mulituambia kompresa imekuja kuwanyima kazi. Wawili kati yetu walikuwa wanazungusha tiroliene kabla, kwa hiyo tunaelewa. Lakini angalieni bei. Nje ya nyumba ya mwanachama wa kawaida, hakuna atakayepuliza kilo 4 za rangi ya mchanga kwa kila mita. Simenti, mchanga, kisanduku na mkono wenye nguvu ndivyo anavyoweza kulipa, na mvua ya hapa haiiondoi upesi. Tena kisanduku hakihitaji esanse. Sisi kazi ya namna hiyo tunawaletea nyinyi. Duka lile la baraza, upande wa nyuma ulifanywa na tiroliene, na mwenye duka alilipa fundi mwenyewe. Tunachowaomba ni kwamba mutuite pale ambapo mteja anataka ndani pawe na madoa.

Jambo ambalo hatuelewani nalo bado ni ukuta mubichi. Wateja wanataka kuhamia kabla simenti haijakomaa. Simenti mpya inataka siku 28, na kabla ya hapo maji na chumvi vinatoka ndani vikisukuma rangi. Huku kwetu karibu na ziwa hata ukuta wa zamani unaweza kuwa umekunywa maji kutoka chini. Tunachofanya ni kubandika kipande cha plastiki ukutani jioni, kimezibwa skochi pande zote nne. Asubuhi ukikuta jasho ndani yake, hakuna kupuliza. Mteja mmoja alitukasirikia, akasema tunachelewesha kwa uvivu, akaita watu wengine. Hatukumkimbilia. Zamani tungemkimbilia.

Afya. Hili tulilipuuza mwanzoni na mmoja wetu alikohoa wiki nzima baada ya kupiga msasa ukuta wa rangi ya mchanga bila kufunika pua. Vumbi la mchanga laini linaingia ndani ya mapafu na halitoki, na ugonjwa wake hauonekani mwaka huu wala ujao. Kitambaa kilichofungwa usoni hakitoshi. Kinachohitajika ni barakoa yenye kichungi, miwani ya kufunga, na kulowesha ukuta kabla ya kuupiga msasa. Wafadhili, mukituuliza kitu kimoja cha kutuma, tumeni vichungi vya barakoa, ndivyo ambavyo hapa havipatikani kwa urahisi. Maji ya kuoshea pistole hatuyamwagi mtoni wala ziwani mahali wamama wanapochota. Tunayaacha katika pipa, rangi inakaa chini, maji ya juu yanaoshea tena, na tope likikauka linafukiwa mbali na kisima. Na kila jioni tunafungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa kutoa maji. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na tangi lisipotolewa maji, kesho pistole inatema maji juu ya rangi, na chuma kinaliwa na kutu kutoka ndani.

Sasa ombi.

Kuna mtu ametoa dola 350 kwa kompresa na pistole pamoja. Mukiuzisha leo, 180 inarudi kwa kasha, 170 inabaki kwa chama, na kila kitu kimeisha kwa amani. Hatuwezi kusema ni hesabu mbaya. Sisi wanane tutarudi kila mmoja kwa brosi yake. Wengine wetu tulirudi kutoka kambi za Tanzania na vyeti vya mafunzo ambavyo hapa hakuna aliyeviuliza, tukaanza na kubeba mizigo bandarini tangu zile meli za kwanza kutoka Kigoma mwaka 2005. Kubeba tunajua. Hatutishi mtu na njaa yetu.

Tunaomba mutuachie mashini mpaka mwisho wa Agosti, kiangazi hiki tu, sababu ndiyo miezi ambayo kuta zinakauka na watu wanajenga. Kazi moja ya ofisi tumeshaongea nayo, mita za mraba 60, na mwenyewe amekubali kutoa avansi ya rangi yote kabla hatujafungua ndoo. Hatutagusa kasha la msaada tena, kwa kazi yoyote, hata mteja akikasirika namna gani. Avansi ikikosekana, kazi inakosekana. Na kila kazi ikilipwa, deni linakatwa kwanza, mbele ya mweka hazina, kabla ya mmoja wetu kupata franka.

Kitu cha mwisho ni ubao. Kabla ya kugusa ukuta wa mtu, tunapuliza ubao wa sentimita 60 kwa 60, pale pale kwake, kutoka ndoo ile ile, na presha ile ile. Ukikauka anauangalia mchana na usiku na taa. Akikubali, tunaukata katikati kwa msumeno: nusu yake, nusu yetu, na sahihi yake nyuma ya vyote viwili. Kama tungefanya hivyo kwa ile koridoo, tungepoteza kilo moja ya rangi. Mzee mmoja wa komite alituambia kwamba ubao ni kazi ya watu wasiojiamini. Ni kweli, mzee. Hatujiamini bado, na tunaona ni afadhali mteja ajue hivyo mbele kuliko nyuma.

Kama deni halijaisha Agosti, hatutangoja mkutano mwingine. Sisi wenyewe tutapeleka kompresa kwa huyo mnunuzi, na ikiwa amekwisha kununua nyingine, tutaipeleka Uvira. Hayo yameandikwa, tumeweka sahihi wote wanane, karatasi iko mezani.

Tumeleta mbao mbili muzione. Zimepulizwa jana kutoka ndoo moja. Ule ulio upande wa dirisha ni wa pistole ya magari na bari 5, huu wa upande wetu ni wa bakuli na bari 2. Zipitisheni kwa mikono, zimekauka, hazichafui nguo. Familia iliyofiwa, tunaomba nyinyi muanze kuzishika, na kama muna neno, museme kabla ya kura.

Mzee mwenyekiti, tunarudisha neno kwako.